Smatibodi imegoma tachi? Soma hii kabla hujarudisha hela ya mteja

Leo naongea na wale mnaouza elektroniki mtandaoni, hasa TV, tableti na hizi smatibodi za mtumba ambazo siku hizi shule binafsi na vituo vya tuisheni wanaziulizia sana. Hii stori nimekaa nayo tangu mwezi wa nane. Ilibaki kidogo tu nirudishe shilingi 1,450,000 za mteja, na hela yenyewe nilikuwa nimeshaiagizia mzigo mwingine Kariakoo.

Niseme mapema, mimi sio fundi. Niliishia kidato cha nne, nina duka Kasulu mjini la simu, chaja, spika na TV moja moja. Mengi nayojua nimeyajua kwa kuharibu kwanza. Kwa hiyo ukiona nimekosea kitu cha kitaalamu nirekebishe kwa upole, ila haya nayoandika nimeyafanya kwa mikono yangu.

Ilikuwa hivi. Nilipata smatibodi ya inchi 65, mtumba, kioo safi, ina Android yake ndani. Nikaiwasha dukani, nikachorachora kwa kidole, inakubali vizuri kabisa. Nikapiga picha, nikarusha status na kwenye magrupu. Kesho yake akanipigia mama mmoja wa Kibondo, mwalimu mstaafu, ana kituo cha tuisheni cha kidato cha nne. Wazazi walikuwa wamechanga ili watoto wafanye marudio kabla ya mtihani wa Taifa wa mwezi wa 11. Tukakubaliana bei, akatuma hela, nikafunga mzigo, ukapanda Fuso. Mpaka hapo mimi ni mfanyabiashara bora.

Siku ya tatu simu ikaita saa moja asubuhi. "Mwanangu, umeniuzia TV au umeniuzia ubao?" Nikamsalimia shikamoo mwalimu, akaitikia kwa ufupi, ukijua mama ameitikia shikamoo kwa ufupi ujue kuna jambo. Picha inaonekana, sauti ipo, ila ukigusa kioo hakuna kinachotokea. Fundi wa pale mjini kwao alishaangalia, akasema tachi imekufa, ibadilishwe, laki sita. Mwalimu hakutaka maelezo, alitaka hela ya wazazi irudi.

Kosa langu la kwanza nililifanya hapo hapo kwenye simu. Nilianza kumwambia azime awashe, arisesti, aapdeti. Nilikuwa nabahatisha. Mteja anasikia kabisa kwamba unabahatisha. Swali moja tu lingetosha, nalo sikuliuliza: mwalimu, hapo unatumia ubao wenyewe au umechomeka laptopu?

Nikapanda basi kwenda Kibondo. Njiani kote, kuanzia Makere kwenda mbele, nilikuwa napiga hesabu ya nani wa kumkopa.

Nilipofika nikakuta laptopu imeunganishwa na ubao kwa waya mmoja, wa HDMI. Mmoja tu! Hapa wengi tunapotea, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Waya wa HDMI unabeba picha na sauti kutoka laptopu kwenda kwenye ubao. Basi. Haurudishi kidole chako. Ukigusa kioo, habari ya kwamba umegusa wapi inatakiwa irudi kwenye laptopu, na barabara ya kurudia ni waya mwingine, wa USB. Upande wa laptopu ni USB ya kawaida, upande wa ubao mara nyingi ni ile ya mraba mraba kama ya printa, na pembeni ya tundu huwa pameandikwa TOUCH. Bila huo waya ubao ni TV tu. Ndio maana mimi dukani iliniitikia, maana nilikuwa natumia Android ya ndani ambayo haihitaji waya wowote, na mwalimu hakuwa na haja na Android, vitabu na mitihani yake yote ipo kwenye laptopu. Nilipima kitu kimoja, yeye akatumia kingine. Na waya wa USB wa mraba ulikuwa dukani kwangu Kasulu kwenye droo, sikuona umuhimu wa kuuweka.

Kibondo nikaupata kwa jamaa wa stesheneri, aliutoa kwenye printa yake. Chomeka, subiri kidogo, laptopu ikalia ule mlio wa kupokea kifaa. Nikagusa ubao. Mshale ukatembea... kwenye kioo cha laptopu! Naligusa neno ubaoni, laptopu ndio inabonyezwa. Mwalimu akaniangalia kwa jicho moja.

Hii nayo sio uharibifu. Laptopu ikiwa na vioo viwili haijui tachi ni ya kioo kipi, inadhani ni ya kwake. Kama ni Windows, nenda sehemu ya kutafutia andika Tablet PC Settings, fungua, bonyeza Setup. Itakuja skrini nyeupe yenye maandishi kwenye kioo kimoja. Kama maandishi yapo ubaoni, gusa ubao. Kama yapo kwenye laptopu, bonyeza Enter yaruke kwenda ubaoni, halafu gusa. Mshale ukakaa mahali pake. Njia nyepesi zaidi ni kubonyeza Windows na P, ukachagua Duplicate, vioo vyote vionyeshe kitu kimoja, ila hiyo picha wakati mwingine inabanwa na mguso unaweza kuwa pembeni kidogo na kidole. Hapo ndipo unapotumia Calibrate, ipo humo humo kwenye Tablet PC Settings, unagusa alama zinazokuja mpaka ziishe.

Kuhusu huo waya, usiunganishe mrefu wa bei rahisi. USB ya kawaida mwisho wake ni mita 5. Ukitaka kukaa na laptopu nyuma ya darasa, nunua ule wenye kikuza mawimbi ndani, la sivyo tachi itakuwa inakuja na kukata, na utalaumu ubao.

Nikadhani nimemaliza. Nikamwambia mwalimu aandike jina lake. Akaandika, na katikati ya ubao maandishi yakakatika, kama vile kuna mkanda wa upana wa vidole vitatu, kutoka kushoto mpaka kulia, ambao haupokei kitu. Juu ya mkanda inachora, chini yake inachora, ndani yake hakuna. Na huyu fundi wa laki sita alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

Hapa lazima ujue smatibodi hizi zinavyohisi kidole, maana sio kama simu. Simu yako kioo chake kina tabaka linalohisi umeme, na kidole chako kinapitisha umeme kidogo, ndio maana ukigusa simu kwa kijiti cha mti haikubali. Smatibodi nyingi za aina hii kioo chenyewe hakihisi chochote. Ni kioo tu. Kinachohisi ni fremu. Ndani ya ile pembe nyeusi inayozunguka kioo kuna vitaa vidogo vingi vimepangwa mstari, vinatoa miale ya infraredi ambayo macho hayaioni, ni mwanga ule ule wa rimoti ya TV. Pembeni upande mmoja kuna vitaa, upande wa pili kuna vipokezi. Juu na chini hivyo hivyo. Kwa hiyo mbele ya kioo kuna wavu wa miale usioonekana. Ukiweka kidole unakata mwale mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, ubao unajua umegusa pale zinapokutana. Ndio maana smatibodi inakubali kidole, kalamu, fimbo, hata mkono wa shati. Chochote kinachokata mwanga.

Ukishaelewa hilo, nusu ya matatizo unayatambua kwa kutazama tu. Sehemu moja imekufa mstari mzima, ujue kuna mwale umezibwa au kitaa kimekufa kwenye mstari huo, kwa hiyo fuata mstari mpaka kwenye fremu, kulia na kushoto. Ubao unajigusa wenyewe, mshale umeganda sehemu moja na haukubali kingine, ujue kuna kitu kinakata mwale muda wote: uchafu, kipande cha karatasi, waya unaoning'inia, hata mdudu. Mguso unakuja pembeni na kidole kwa umbali ule ule kila sehemu, hiyo ni kalibresheni. Hakuna kitu kabisa popote, anza na waya.

Basi nikafuata mkanda wangu mpaka kwenye fremu upande wa kushoto. Nikapitisha kidole. Kinanata.

Nikakumbuka. Wakati wa kufunga mzigo nilizungushia sponji pembeni ili usigongwe, na sponji nikalibana na selotepu ile pana ya kahawia. Nilibandika moja kwa moja kwenye fremu! Walipofungua walitoa selotepu, gundi ikabaki, na vumbi letu jekundu la kiangazi likajaa juu ya gundi. Ukilitazama ni doa la udongo tu, huwezi kulifikiria. Kwa macho ya infraredi ni ukuta.

Kwa hiyo tatizo lililotaka kunila 1,450,000 nililibandika mwenyewe kwa mkono wangu. Nilitamani yule fundi asiwepo.

Usafi wake ni huu. Zima ubao, chomoa kabisa ukutani. Kitambaa laini kama cha miwani, maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya maji, kamua mpaka kisidondoshe. Futa fremu yote ndani, pande zote nne, sio pale palipo na doa tu. Usipulizie maji kwenye fremu, yataingia ndani. Usitumie petroli wala thina, nimeshaona TV ya mtu ikageuka maziwa kwa thina. Gundi ilinichukua kama nusu saa ya kusugua taratibu kwa mzunguko. Halafu kausha, ndipo uwashe. Ukiwasha, usiuegemee na usiuguse mpaka uwake kabisa, maana wakati wa kuwaka nyingi zinajipima miale, ukiwa umeweka mkono zinaweza kudhani mkono ni sehemu ya fremu.

Nilipowasha mkanda ulikuwa umeondoka. Mwalimu akaandika jina lake lote, na la kituo, na tarehe. Akaniletea chai.

Nikalala Kibondo maana basi lilishaondoka. Asubuhi saa mbili nikapita kumuaga nikakuta darasa limejaa watoto na mwalimu amekasirika upya. Ubao unajichora wenyewe. Vidoti vinaruka, mistari inajipiga, kurasa zinafunguka. Jana jioni hakukuwa na kitu!

Nikamuuliza, mwalimu, siku zile nyingine ulipojaribu hiyo Android yake, ulikuwa unasumbua muda gani? Akafikiri, akasema asubuhi ulikuwa unarukaruka, mchana unatulia, akadhani ni umeme. Nikageuka kutazama dirisha. Limetazama mashariki, halina pazia, na jua la asubuhi linapiga moja kwa moja kwenye ubao.

Jua lina infraredi nyingi kuliko kitaa chochote. Likipiga kwenye vipokezi vya fremu, vinachanganyikiwa, havijui mwale umekatwa au haujakatwa. Tulitundika kanga mbili dirishani, vidoti vikaacha palepale. Watoto wakapiga makofi kama nimefanya mazingaombwe. Ukimuuzia mtu smatibodi muulize dirisha lipo wapi kabla ya kuuliza ukuta una upana gani. Zile balbu za zamani zinazotoa joto nazo ziepuke karibu na fremu.

Kona ya chini kulia ilibaki na tatizo dogo, mstari wa upana wa kidole kimoja haukubali, hata baada ya usafi. Hapo nikatumia mbinu ambayo kila muuza rimoti anaijua. Ukielekeza kamera ya simu kwenye rimoti na kubonyeza, unaona kitaa kinawaka zambarau kwenye simu japo kwa macho huoni. Fanya hivyo hivyo kwenye fremu ya ubao ukiwa umewashwa, chumba kiwe giza kidogo, tumia kamera ya mbele maana simu nyingi ya nyuma inachuja huo mwanga. Utaona vitaa vimejipanga kama shanga. Wangu ulikuwa na shanga moja haiwaki. Hiyo sasa ni kazi ya fundi kweli, au uiache. Nilimwonyesha mwalimu kwenye simu, nikamwambia ukweli kwamba hicho kimekufa, huenda kilikuwa kimekufa tangu dukani na sikukiona. Nikamrudishia 150,000. Yule fundi, namsifu, hakubisha, aliomba nimwelekeze hiyo ya kamera.

Sasa kwenu mnaouza. Kumbuka hizi ni za fremu ya infraredi. Mitumba ina mengine. Kuna mbao za zamani za Promethean ambazo zinakubali kalamu yake maalumu tu, kidole hata ubonyeze mpaka kesho haupokei, na jamaa mmoja kwenye grupu letu aliununua bila kalamu akauza kama mbovu kwa bei ya kutupa. SMART Board za zamani, kampuni ya Kanada iliyoanza kuziuza mwaka 1991, nyingi zinahisi mbinyo, una matabaka mawili yanagusana ukibonyeza, kwa hiyo hizo ukiona haikubali jaribu kubonyeza kwa nguvu kidogo, na ukiona imetoboka au ina mkunjo ujue ndio ugonjwa wenyewe. Nyingine zina kamera ndogo kwenye kona za juu, hizo futa kona. Kabla hujanunua, angalia modeli nyuma, itafute mtandaoni, ujue inahisi kwa njia gani. Dakika tano tu.

Na kwa wauza simu, msidhani hayawahusu. Simu ikijigusa yenyewe, kabla hujamwambia mteja kioo, chomoa chaja. Chaja feki zinaingiza kelele za umeme kwenye kioo na simu inaanza kucheza. Ikitulia baada ya kuchomoa, uza chaja nzuri, sio kioo. Halafu toa protekta, futa unyevu, angalia kama betri imevimba inasukuma kioo kutoka ndani. Na mwambie mteja asifungue M-Pesa wala menyu yoyote ya hela wakati simu inajibonyeza.

Mimi sasa hivi smatibodi haitoki dukani bila video. Nachomeka laptopu kwa HDMI na USB, nafungua Paint, nachora mistari ya kulala na ya kusimama iliyokaribiana mpaka ubao wote unakuwa kama daftari la hesabu, halafu nazungusha simu taratibu pande zote nne ili mkanda wowote uliokufa uonekane. Video naituma kwa mteja kabla hajalipa. Kama kuna kasoro tunaongea bei pale pale. Waya wa USB naufunga kwa kamba ya plastiki kwenye mguu wa ubao, asiweze kuukosa. Sponji nalibana kwa kamba, na selotepu inakaa kwenye boksi tu. Na kwenye karatasi naandika kwa mkono: nyaya mbili, sio moja, dirisha lenye jua lifunikwe, fremu ifutwe kila Jumatatu kabla ya kuwasha. Chaki zisitumike karibu nao, vumbi lake linakaa kwenye fremu kama unga.

Mteja akipiga kulalamika siku hizi nauliza vitu vinne kwa mpangilio. Unatumia laptopu au ubao wenyewe? Nyaya ngapi zimechomekwa? Haukubali kote au sehemu moja? Ni muda wote au saa fulani tu? Halafu naomba video ya sekunde thelathini. Tangu mwezi wa nane nimeuza tatu, moja kwenda Kakonko, na sijapanda basi tena kwa sababu ya tachi.

Mwalimu wa Kibondo alinipigia wiki iliyopita. Nikajua limeanza tena. Kumbe kuna mwenzake ana shule ya msingi anataka wa inchi 75, akauliza kama ule unao na waya wake.